Makao ya Mende Yapimwe kwa Maficho

Katika shule moja hapa Chwele niliona mende 30 wamesongamana ndani ya mkebe wa kilo 1. Mwalimu aliwafuga ili wanafunzi wajionee yai, tunutu na mende kamili. Baada ya majuma machache walisalia wachache, mbawa na miguu imetafunwa. Wanafunzi walisoma vita badala ya ukuaji.

Mfugaji wa Chwele hawezi kulundika kuku wake hivyo bandani. Mbona mdudu tumwonee? Hata hivyo, sikubaliani na wanaodai kwamba dawa ni sanduku kubwa tupu. Mende hupenda kubanwa mgongoni na tumboni. Uwanja mtupu humtia hofu. Ndoo ya lita 20, iliyosimamishiwa ndani trei za mayai za karatasi, yawatosha wale 30 pamoja na kizazi chao cha kwanza.

Mende mkubwa wa vyooni hubeba mayai kama 15 katika kifuko kimoja. Basi mwalimu na awaandalie nafasi wasiozaliwa kabla ya kuwakamata wazazi. Mdomo wa ndoo upakwe mafuta mazito, bweni lisije likapata wageni.