Roboti wa sinema analiliwa, mchimbaji wa Kolwezi hahesabiwi

Mwaka 2013 wakaaji wa Kinshasa walianza kuona roboti zimesimama katikati ya njia panda zikiongoza magari. Zilibuniwa na mhandisi Mkongomani, mama Thérèse Izay, pamoja na wenzake. Zilikuwa na kichwa, kifua, mikono ya kuinuka, na taa nyekundu na za kijani. Lubumbashi nako zikafika. Wengi walizisifu kwa sababu moja: roboti haiombi dereva pesa. Tukacheka, tukajivunia, kisha tukazizoea.

Lakini kuna swali ambalo hatukulikalia vya kutosha. Kwa nini mashine ya kuongoza magari ipewe umbo la mtu, wakati nguzo yenye taa ingetosha? Nadhani ni kwa sababu umbo la mtu linatuambia mara moja: huyu amesimama hapa kututumikia. Watunzi wa hadithi za kubuni za sayansi walilijua jambo hilo zamani. Wanapotuletea roboti mwenye sura yetu, mara nyingi mashine ni vazi tu. Ndani yake mna mtumishi.

Neno lenyewe linasema hivyo. Mwaka 1920 mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, alichapisha tamthilia iitwayo R.U.R., nayo ikachezwa Prague mwaka 1921. Ndugu yake Josef ndiye aliyempa neno "roboti", kutokana na "robota", yaani kazi ya lazima ambayo mkulima alimfanyia bwana wa ardhi. Wazee wetu waliolimishwa pamba kwa nguvu wakati wa Wabelgiji, na wale waliopitia salongo ya Mobutu, hawahitaji kamusi hapo. Kiswahili pia kina neno la namna hiyo: mtumwa ni yule anayetumwa.

Katika tamthilia hiyo, kiwanda kilichoko kisiwani kinatengeneza watu wa bandia wa kufanya kazi zote za dunia. Mkurugenzi anaahidi kwamba vitu vitakuwa rahisi na umaskini utakwisha. Mwishoni roboti wanaasi na kuwaua wanadamu wote isipokuwa mmoja, fundi Alquist. Wanamwacha kwa sababu anafanya kazi kwa mikono yake, kama wao. Roboti hao hata si wa chuma. Wana miili inayofanana na ya watu. Kwa Čapek, mpaka ulipita kati ya anayefanya kazi na anayekula jasho la mwenzake.

Waliomfuata waliuhamisha mpaka huo. Isaac Asimov, mwaka 1942, aliwapa roboti wake sheria tatu: usimdhuru mwanadamu, mtii, kisha ujilinde. Tazama mpangilio: uhai wa mtumishi unakuja nyuma ya amri ya bwana. Katika filamu ya Blade Runner ya 1982, watu wa kutengenezwa wanafanyishwa kazi katika makoloni ya sayari nyingine na wanapewa miaka minne tu ya kuishi. Polisi anawauliza maswali huku akipima jicho lao, apate kujua kama ni watu kweli. Katika mchezo wa video uitwao Detroit: Become Human, wa mwaka 2018, roboti wanasafiri katika sehemu yao nyuma ya basi, kama Wamarekani weusi walivyotengwa zamani.

Hapo ndipo desturi ya hadithi hizi ilipojengeka. Roboti lazima apite mtihani. Alie, apende, akumbuke utoto, aogope kufa. Akifaulu, mtazamaji anashtuka: kumbe ni mtu kama sisi! Na hadithi inatuachia tumaini kwamba tukishatambua utu wake, dhuluma itaanza kukoma.

Sisi Wakongomani tunaujua mtihani huo. Mwaka 1948 serikali ya kikoloni ilianzisha kadi ya sifa za kiraia, na mwaka 1952 ikaleta utaratibu wa kuwaandikisha wale walioitwa "évolués". Mtu mzima, mwenye mke na watoto, alikaguliwa hadi nyumbani kwake: anakulaje, anaishije, anasema Kifaransa namna gani. Patrice Lumumba mwenyewe alipitia njia hiyo. Ubaya wa mtihani ule haukuwa ugumu wa maswali. Mwenye kuuliza alikuwa amekwisha kujifanya kipimo cha utu, na aliyefaulu alitolewa katika kundi huku wenzake wakibaki walipokuwa.

Lakini kuna jambo zito zaidi. Nchi yetu inatoa zaidi ya sehemu mbili kwa tatu za kobalti ya dunia, nyingi kutoka Lualaba na Haut-Katanga. Koltani inatoka Rubaya, katika Masisi. Madini hayo yanaingia katika betri, simu na vyombo ambavyo watu wanavitumia kutazama filamu za roboti. Je, kuna mnunuzi anayedhani kwamba mchimbaji wa Kolwezi si mtu? Hakuna. Picha zake zimeonyeshwa duniani miaka mingi, ripoti zimeandikwa, watu wamesikitika. Utu wake umetambuliwa kabisa, naye bado anashuka shimoni bila kofia, na bei ya gunia bado inapangwa na mwingine.

Kwa hiyo tumaini la filamu hizo linadanganya. Dhuluma haidumu kwa sababu hatujui kwamba anayetumikishwa ana moyo. Inadumu kwa sababu inalipa. Tena hailipi wageni pekee: wamo wanunuzi wenzetu wenye mizani ya uongo, na wakubwa wanaokula njiani kabla mzigo haujafika mpakani.

Mtu atasema: hizo ni burudani, usizibebeshe mzigo wa Kolwezi. Tena zimewafundisha vijana wengi kumwonea huruma aliye tofauti nao. Nakubali, na mimi nazipenda. Ila huruma inayoishia kwenye kiti cha sinema haijamgharimu mtu chochote, na roboti anafaa sana kwa huruma ya namna hiyo, kwa sababu hakuna atakayekuja kudai malipo ya mwaka jana.

Tunaweza kuzitunga sisi wenyewe kwa namna nyingine. Filamu ya Neptune Frost ya mwaka 2021, iliyopigwa nchini Rwanda na ambayo hadithi yake inatokea Burundi, iliwaweka wachimbaji wa koltani katikati. Vijana wa Goma na Lubumbashi wanaopiga filamu kwa simu zao wanaweza kwenda mbali zaidi, na walimu wa fasihi wanaweza kuisomesha R.U.R. kama habari inayotuhusu. Hadithi ya roboti ikianzia shimoni, kabla roboti hajapata uso, haitahitaji kuuliza kama ana roho. Itauliza gunia lilipimwa kwa mizani ya nani, na aliyelibeba alilipwa ngapi.