Vipimo vya kukazia nati vinawachanganya mafundi

Naomba nieleze jambo nililolishuhudia mwenyewe, ambalo naamini linawahusu abiria wote.

Hivi karibuni nilipanda basi dogo kutoka Njombe mjini kwenda Makambako, safari ya kilomita zipatazo 60. Kabla hatujaondoka, tairi moja la nyuma lilibadilishwa. Utingo alichomeka bomba la chuma kwenye mpini wa spana, akasimama juu yake mpaka nati zikalia. Sisi abiria tukamsifu kwa kazi nzuri. Tulipokaribia Makambako gari likaanza kuyumba nyuma. Dereva aliposimama tukakuta stadi mbili zimekatika na nati nyingine zimelegea. Mle ndani mlikuwa na akina mama wenye watoto mgongoni. Tulishuka, gari likaenda polepole tupu mpaka gereji.

Fundi aliyelipokea ni kijana niliyemfundisha darasa la saba. Alikuwa na kitabu cha gari lile na spana ya kupimia mkazo, ile inayotoa mlio nati ikifikia kiasi. Akaniambia, "Shikamoo mwalimu. Kitabu kinasema kg-cm 1,050, spana yangu imeandikwa N-m na inaishia 210. Hiyo elfu moja na hamsini naipata wapi?" Kijana hakuwa mvivu. Alikuwa ameuliza mafundi wenzake, nao wakamwambia aachane na kitabu, atumie bomba.

Ndugu Mhariri, na mimi mwalimu sikuweza kumjibu papo hapo. Miaka yote nimefundisha wenzo, egemeo, mzigo na jitihada, nikiandika ubaoni na kufuta. Nilimwambia asubiri, tukafanya hesabu juu ya boksi la chujio la oili.

Nguvu ya kusokota ni kani mara urefu wa mkono wa spana. Chukua fimbo ya mita moja, ifunge kwenye nati ikiwa imelala, kisha ning'iniza lita moja ya maji kwenye ncha yake. Ukiacha uzito wa fimbo yenyewe, hiyo ni kilo-mita moja. Fimbo ikiwa ya nusu mita, zitatakiwa lita mbili. Kwa kuwa mita moja ni sentimita 100, kg-cm 1,050 ni sawa na kg-m 10.5. Mpaka hapo kijana alikuwa amefika peke yake.

Kikwazo ni Nyutoni. Kilo moja ya sukari huvutwa na dunia kwa kani ya Nyutoni 9.8 hivi. Basi kg-m 10.5 mara 9.8 ni N-m 103, na namba hiyo imo kwenye spana yake. Asiye na kalamu azidishe kilo-mita kwa 10, kisha apunguze mbili katika kila mia: 105 inakuwa 103. Kama kitabu kinatumia kg-cm, agawanye kwa 10 kwanza, kisha apunguze vivyo hivyo.

Sasa turudi kwa utingo. Mtu wa kilo 60 akisimama kwenye bomba, nusu mita kutoka kwenye nati, hiyo ni kg-m 30, yaani N-m 294, karibu mara tatu ya kinachotakiwa, na hapo hajaruka. Stadi iliyovutwa kupita kiasi hairudi urefu wake wa awali. Haibani tena, na mwisho hukatika. Tulichokisifu kule Njombe ndicho kilichotaka kutuua.

Mchanganyiko huu una asili yake. Mwaka 1960 mkutano mkuu wa vipimo uliofanyika Ufaransa uliidhinisha mfumo wa kimataifa ambamo kani hupimwa kwa Nyutoni. Lakini Japani, ambako magari yetu mengi hutoka, iliendelea kutumia kilo kwa kani mpaka miaka ya 1990. Vitabu vya zamani vinazungumza kilo, spana mpya zinazungumza Nyutoni, na fundi wa Makambako yuko katikati.

Nawaomba wahusika wa VETA na wenye gereji wabandike ukutani karatasi ya Kiswahili yenye hesabu hii. Wauzaji wa spana nao waiweke ndani ya boksi. Wakala wa Vipimo tunawaona wakipambana na lumbesa ya viazi huku kwetu, na tunawashukuru. Je, hawawezi kupita na gereji kukagua kama spana hizi bado zinasema kweli? Gunia la lumbesa humpunja mkulima shilingi zake, lakini gurudumu likichomoka katika barabara hii yenye malori ya mbao hakuna atakayerudishiwa kitu.

Kwa upande wangu, sasa nafundisha wenzo kwa fimbo na ndoo ya maji, nje ya darasa. Wiki iliyopita mwanafunzi mmoja wa kike aliniuliza kwa nini tusitumie fimbo ya mita mbili ili kubeba maji kidogo zaidi. Nilimwambia aende akailete.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Njombe.