Saba Saba siyo mali ya chama kimoja

Vijana wenzangu, Saba Saba inakuja. Huku kwetu Matema wengi wanaijua kama maonyesho ya biashara kule Barabara ya Kilwa, Dar es Salaam. Wazee wanakumbuka ilipokuwa siku ya wakulima, kabla ya Nane Nane. Ila ukimuuliza kijana wa upinzani atakujibu, "Hiyo sikukuu yao." Hapo ndipo ninapobisha.

Tarehe 7 Julai 1954 watu 17 walikutana Dar es Salaam wakaanzisha TANU. Hawakuwa na dola wala polisi. Kiongozi wao, Julius Nyerere, alikuwa na miaka 32 tu. Tusidanganyane, wale walikuwa wapinzani! Usukumani mkoloni aliwanyima usajili wa matawi, na mwaka 1957 akampiga Nyerere marufuku kuhutubia mikutano ya hadhara.

Inakukumbusha kitu? Mwaka 2016 mikutano ya hadhara ya vyama ilizuiwa nchini, hadi Januari 2023. Waliokuwa madarakani ni warithi wa TANU hiyohiyo. Mtoto kasahau alivyozaliwa.

Wakenya nao wana Saba Saba yao. Tarehe 7 Julai 1990 walikwenda Kamukunji kudai vyama vingi, ingawa Kenneth Matiba na Charles Rubia walikuwa wameshawekwa kizuizini. Mpaka leo kwao ni siku ya kudai haki. Kwetu imebaki siku ya kununua vyombo kwa bei ya maonyesho.

Sasa niseme kama mwanafunzi wa sheria. Ibara ya 20 ya Katiba inatupa uhuru wa kukutana. Katika kesi ya Mchungaji Mtikila ya mwaka 1993, Jaji Lugakingira aliamua kwamba kumlazimisha raia aombe kibali cha mkutano ni kinyume cha Katiba. Leo sheria ya polisi, kifungu cha 43, inataka taarifa ya maandishi saa 48 kabla. Taarifa, siyo kibali! Wakizuia, tudai sababu kwa maandishi.

Gulio la Matema likijaa watu na vyungu vya Ikombe, hakuna anayeogopa umati. Umati huogopwa ukianza kuuliza maswali.

Kwa hiyo Saba Saba hii kila tawi, kuanzia Kyela mjini mpaka huku ufukweni, lipeleke taarifa mapema, likutane, liisome Ibara ya 20 kwa sauti. Alikeni na wazee waliokuwa TANU, hata kama kadi zao ni za kijani. Watuhadithie walivyokuwa wakinyimwa mikutano. Wao wanajua.