Mvua ni ya Mungu, Bomba ni la Nani?

Muulize mtoto yeyote wa Shule ya Jumapili kule Vitengeni ni nani aliyeumba mbingu na nchi, atakujibu kabla hujamaliza swali. Nani analeta mvua? Mungu. Nani alinyamazisha bahari? Yesu. Majibu yanatoka kama kwaya, mikono hewani, na mwalimu, ambaye mara nyingi ni binti aliyemaliza fomu foo juzi na anajitolea bila hata pesa ya boda, anawapigia makofi. Sasa muongezee swali moja: mbona mama anaamka usiku kufuata maji, na silanga yenyewe imebaki matope? Hapo kwaya inakatika. Mmoja ataangalia chini, mwingine atakwambia Mungu amekasirika.

Ugomvi wangu ni na jibu hilo. Yale ya kwanza sina shida nayo.

Najua wengi wenu mnaosoma hapa, mkiwa Nairobi au Mombasa na simu mkononi, mtasema ugomvi wangu ni mdogo mno. Mtasema shida ni dini yenyewe, watoto waachwe wakue kwanza halafu wachague. Maneno matamu hayo. Lakini hakuna mtoto anayelelewa hewani. Mtoto wa Ganze asipofundishwa kanisani ni nani mwenye dunia, atafundishwa na mwanasiasa, au na mganga, au na mwenye lori la makaa. Kila mmoja wao ana jibu lake, na kila jibu lina bei. Mimi naomba tu mwenye kufundisha uumbaji aufundishe mpaka mwisho, asiukate pale panapomfaa yeye.

Maana umekatwa. Na tumeshaona unapokatwa kinachotokea.

Aprili 2023 makaburi yalianza kufukuliwa katika msitu wa Shakahola, bara hiihii ya Kilifi. Miili iliyotolewa ilipita 400. Februari 2024 Paul Mackenzie na wenzake wakafikishwa mahakamani Malindi na kushtakiwa kwa mauaji ya watoto 191. Walikana mashtaka, na hukumu si kazi yangu. Ila ile hesabu, 191, irudie polepole. Hiyo ni shule nzima ya msingi ya kijijini, gwaride la asubuhi lote.

Baada ya hapo tukasikia kila aina ya hotuba: makanisa yasajiliwe, wachungaji wasomee kazi, serikali ilikuwa wapi. Sawa, yote ya kweli. Lakini hakuna aliyegusa darasa la watoto. Wale watoto hawakukosa mafundisho kuhusu enzi ya Mungu juu ya viumbe. Walishiba hayo. Walichokosa ni ruhusa ya kusema, “Baba, naona njaa, na huyu anayenizuia kula ni mtu kama wewe.”

Tazama somo linavyopinda. Mwalimu anasema Mungu ana mamlaka juu ya kila kitu: jua, mto, simba, upepo. Vizuri. Halafu, bila kupumua, anasema kwa hiyo mtii mzazi, mtii mwalimu, mtii mchungaji, usiulize-ulize. Mtoto anadhani amefundishwa jambo moja, kumbe ni mawili, na la pili limeingia kwa mlango wa nyuma limevaa koti la la kwanza. Ukubwa wa Mungu unageuka kuwa ukubwa wa yule aliyeshika maikrofoni. Ukitoa hoja kwamba mchungaji ametoka wapi kwenye orodha ya jua na simba, unaambiwa una roho ya uasi. Ati uasi! Kwa kuuliza tu.

Chukua ile hadithi ya dhoruba, ambayo kila mtoto anaijua kwa vitendo. Wanayumba kulia na kushoto kama mashua, wanavuma kama upepo, halafu mwalimu anainua mkono na wote wanakaa kimya. Bahari ikanyamaza, na sisi tunyamaze. Kwa darasa la watoto themanini ni mbinu nzuri ya kupata utulivu, simlaumu. Lakini nenda kasome Marko 4. Kabla bahari haijanyamaza, wale wavuvi wanamwamsha Yesu na kumlalamikia kabisa, wanamuuliza kama hajali kwamba wanaangamia. Wanampigia kelele mwenye enzi mwenyewe, machoni pake. Na yeye anaamka, anaanza na upepo. Maswali yake kuhusu imani yao yanakuja baadaye, watu wakiwa wameshaokoka. Hakuna aliyetupwa baharini kwa sababu ya kupiga kelele. Nusu hiyo ya hadithi iko wapi kwenye vitendo vyetu? Mbona hakuna mtoto anayepewa zamu ya kuwa mvuvi anayelalamika?

Turudi kwenye mvua, maana Vitengeni ndilo somo kubwa kuliko yote.

Kati ya 2020 na 2022 Pembe ya Afrika ilikosa misimu mitano ya mvua mfululizo, na Kilifi ilikuwa ndani ya janga hilo. Ng’ombe walikufa. Watoto waliacha shule au walienda kwa sababu ya uji wa saa nne. Katika makanisa mengi maelezo yalikuwa mafupi: tumetenda dhambi, tutubu, tufunge. Kufunga! Watu ambao tayari hawajala. Aprili 2023, mwezi uleule wa Shakahola, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution wakatoa uchambuzi wao: joto la dunia lililoletwa na binadamu lilifanya ukame wa aina ile uwe na uwezekano wa kutokea angalau mara 100 zaidi. Binadamu gani hao? Wa viwanda na magari, walio mbali sana na barabara ya vumbi ya Ganze. Mwanamke anayebeba mtungi wa lita ishirini kichwani hana mchango wowote wa maana kwenye moshi ule, na bado Jumapili anaambiwa atubu yeye.

Ukitaka kufundisha dhambi na ukame, fundisha, mimi sikatai. Sema basi dhambi ni ya nani.

Halafu kuna dhambi ya karibu zaidi. Dibaji ya Katiba yetu ya 2010 inaanza kwa kukiri ukuu wa Mungu aliye juu ya viumbe vyote. Ndio neno la kwanza, kabla ya mashujaa wa uhuru, kabla ya mazingira. Fungua mbele mpaka kifungu cha 43: kila mtu ana haki ya kupata maji safi na salama, ya kutosha. Endelea mpaka Jedwali la Nne: huduma za maji ni kazi ya kaunti. Walioandika hawakuona mgongano wowote. Mungu ana mvua yake, kaunti ina mabomba yake. Sasa ni nani aliyewachanganya? Ni sisi, tunapomwambia mtoto kwamba maji hayaji kwa sababu Mungu hajapenda, wakati mfereji umepita na umekauka kwa sababu hakuna aliyelipa, au aliyelipwa hakufanya kazi. Hakuna zawadi kubwa kuliko hiyo unayoweza kumpa mwanasiasa. Anakuja msimu wa kura na lori moja la maji, anapewa madhabahu aongee, na watoto wanafundishwa kumwimbia.

Lakini nisiende mbio, kuna historia hapa ambayo vijana wengi wa Pwani hawajaambiwa. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Mwaka huohuo alimzika mkewe Rosina na mtoto wao mchanga. Mwaka 1846, pamoja na Johannes Rebmann, akaweka kituo Rabai, miongoni mwa Mijikenda. Na mwaka 1847 jarida la American Oriental Society kule Marekani likachapa tafsiri yake ya Kiswahili. Ya nini? Sura tatu za kwanza za Mwanzo. Yaani miongoni mwa maneno ya kwanza kabisa ya Biblia kupigwa chapa kwa lugha yetu ni haya haya tunayogombania: nani kaumba, nani anatawala, nani kala tunda.

Na Krapf hakuwakuta watu wasiojua kuna Muumba. Wagiriama walikuwa na Mulungu kabla ya meli yoyote. Mvua ikikosa wazee waliingia kaya kuomba. Na kaya ilikuwa na sheria zake: hukati mti, huingii ovyo. Mwaka 2008 UNESCO iliiweka misitu hiyo ya kaya kwenye orodha ya urithi wa dunia. Mtoto wa Vitengeni akiambiwa leo kwamba yote hayo yalikuwa ya shetani, kuna kitu kinavunjika ambacho hakina uhusiano na wokovu. Anafundishwa kwamba heshima kwa mti ni ushenzi. Halafu sisi haohao tunashangaa tukikuta vilima vimenyolewa na magunia ya makaa yamepangwa barabarani.

Hapa ndipo tafsiri inauma. Katika Mwanzo sura ya kwanza binadamu anapewa kutawala na kutiisha. Sura ya pili anawekwa bustanini alime na kutunza. Vitenzi vinne, na darasani vinafika viwili. Mwaka 1967 mwanahistoria Mmarekani Lynn White aliandika kwamba Ukristo wa Magharibi, kwa kumpa binadamu utawala huo, una sehemu kubwa ya lawama kwa uharibifu wa mazingira. Watu wa kanisa wamembishia tangu hapo, na Papa Francis mwaka 2015 katika waraka wake Laudato Si’ alirudi kwenye lile neno la kutunza. Sawa, wabishane. Ila somo la CRE lina mada ya Uumbaji tangu gredi za chini kabisa, na mashariki ya Vitengeni kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, kilomita za mraba kama 420, masalio makubwa kuliko yote ya msitu mkavu wa pwani Afrika Mashariki. Kuna bundi mle. Kuna sange mwenye kiuno cha dhahabu, ambaye nusu ya wasomaji wangu wa mjini watadhani nimemtunga. Ni mtoto gani amepelekwa pale kusoma siku ya tano na ya sita ya uumbaji kwa macho yake? Shirika la Kikristo la A Rocha Kenya, pale Watamu, limekuwa likilipia karo za sekondari watoto wa familia zinazopakana na msitu, ili msitu usiwe adui wa karo. Hiyo ni theolojia ya uumbaji ambayo mtoto anaielewa bila picha ya kupaka rangi.

Nimebakiza jambo ambalo watu wa kwetu hawapendi liandikwe.

Kilifi tunaua wazee. Tunawaua kwa panga, usiku, kwa sababu wana mvi, na mtu alikufa, au ng’ombe alikufa, au radi ilipiga. Mara nyingi nyuma ya radi kuna shamba ambalo vijana wanalitaka. Malindi kuna kituo cha kuwahifadhi wazee waliotoroka kuuawa, chini ya Malindi District Cultural Association. Fikiria mzee anazeeka akikimbia wajukuu.

Hawa wajukuu walipita Shule ya Jumapili, wengi wao. Waliimba kwamba Mungu peke yake ndiye mwenye radi. Wangeliamini hilo hata robo, lile panga lingeanguka chini. Kama enzi yote juu ya viumbe ni ya Mungu, basi hawe, bibi kizee asiyeweza hata kujitekea maji, hana radi ya kumtupia mtu. Habari ingeishia hapo. Fundisho lenyewe, likifundishwa bila kukatwa, lingekuwa ngao ya wazee wetu. Badala yake, jioni ileile mtoto anapelekwa kwenye mkesha wa maombezi, anasikia mhubiri mgeni akitangaza kwamba kuna mtu katika ukoo aliyefunga baraka zenu, na mwenyewe anajua nyote mtamtazama nani. Asubuhi Mungu ana kila kitu, usiku nyanya ana nusu. Mnataka mtoto ashike lipi?

Kwa hiyo, wenzangu mnaofundisha (najua mpo, najua hamlipwi, najua mmepewa kitabu kimoja cha picha kwa watoto themanini), nawaomba muongeze somo moja tu. Ayubu 38. Mtu amepoteza watoto, mifugo na afya, na rafiki zake wamekaa hapo wakimweleza kwamba Mungu anamwadhibu. Wana majibu yote, kama sisi wakati wa ukame. Mungu anapokuja anamrushia Ayubu maswali kuhusu nyota, simba na theluji, na anataja mvua inayonyesha nyikani ambako hakuna mtu yeyote. Mvua isiyo tuzo ya mtu wala adhabu ya mtu. Na mwisho wa kitabu anaowakasirikia ni wale rafiki wenye maelezo. Ayubu aliyelalamika ndiye anayeambiwa amesema sawa.

Wasomeeni hilo. Halafu mtoto akiuliza tena mbona maji hayaji, msimjibu haraka. Tafuteni karatasi, mwacheni aandike mwenyewe: jina la kijiji, tarehe bomba lilipokauka, na anwani ya ofisi ya maji ya kaunti. Herufi zikikaa upande, ziacheni hivyohivyo, barua ipelekwe Jumatatu.