Paka mchanga hajui kujisaidia mwenyewe

Watoto wanarudi kutoka shule na boksi. Ndani yake mna paka mchanga, hata macho hayajafunguka. Jioni anapewa maziwa ya ng'ombe. Kesho yake anaharisha, keshokutwa amekufa, na watoto wanalia.

Mzazi, kosa la kwanza ni hayo maziwa. Ya ng'ombe hayafanani na ya mama yake, na mara nyingi humharisha. Kiumbe mdogo hivyo huishiwa maji mwilini haraka. Ulizia maziwa maalumu ya watoto wa paka kwenye duka la dawa za mifugo, au mtafute paka mwingine anayenyonyesha. Kabla ya kumlisha, hakikisha mwili wake una joto. Akiwa wa baridi, tumbo halifanyi kazi. Alishwe akiwa amelala kifudifudi, si chali.

Kosa la pili wengi hawalijui. Hadi kufikia wiki 3 hivi, paka hawezi kutoa haja mwenyewe. Mama yake humlamba sehemu za siri ndipo atoe. Asiye na mama afanyiwe hivyo: kila baada ya kula, lowesha pamba kwa maji ya uvuguvugu umpanguse taratibu hadi atoe mkojo. Choo kikubwa kwa kawaida hupatikana angalau mara moja kwa siku.

Akifika wiki 4, mwekee beseni lenye mchanga, atajifunza upesi.

Akiharisha mfululizo, akitoa damu au minyoo, tumbo likivimba na kuwa gumu, au akikataa kula, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Usimpe dawa za binadamu. Paracetamol ni sumu kwake. Dawa ya minyoo nayo hupimwa kwa uzito, hivyo daktari ndiye aipange.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wanapomshika, maana baadhi ya minyoo ya paka humwingia binadamu. Mama mjamzito asisafishe beseni hilo.

Lakini kabla ya yote, waulize watoto walimtoa wapi. Huenda mama yake alikwenda kutafuta chakula tu. Mrudisheni palepale, mkae mbali mkiangalia. Mama akirudi, hakuna atakayemlea vizuri kumzidi.