Kabla Hatujalipa Ile Pesa ya Ulaya, Tuongee Kidogo

Leo hakuna video. Leo naandika, kwa sababu nikisema haya maneno mbele ya kamera nitapandisha sauti, na nikipandisha sauti nyinyi hucheka tu.

Alhamisi iliyopita, baada ya mazoezi ya kwaya hapa Kaplong, mwalimu alitusomea ujumbe kutoka kwa simu yake. Kuna mtu anasema anaweza kutupeleka Ulaya. Wiki mbili, miji minne, matamasha ya utamaduni. Kila mwimbaji atoe shilingi elfu thelathini na tano za kwanza, zingine zitafuata, na zilipwe wakati huu bonasi ya chai bado iko mifukoni. Watu walipiga makofi. Soprano mmoja alipiga kelele mpaka mlinzi akaja kuchungulia. Mimi nilinyamaza, na wenzangu wa bezi wakaniuliza kama nina homa.

Sina homa. Nina kumbukumbu. Miaka mitatu iliyopita nilikuwa kwaya nyingine na tulilipa pesa kama hizo kwa mtu kama huyo. Tulipigwa picha za pasipoti, tukashonewa sare, tukaambiwa tujifunze nyimbo mbili za Kijerumani. Halafu simu yake ikawa haipatikani. Yangu nilipewa na mama kutoka kwa bonasi yake. Mpaka leo hajaniuliza zilienda wapi. Afadhali angeniuliza.

Sasa msiseme Fulani anapinga Ulaya. Nataka twende, tena sana. Lakini nataka twende kama kwaya, tusibebwe kama mizigo. Kabla ya kutoa hata shilingi, tuwe na majibu ya maswali matatu: nani ametualika, nani analipia nini, na nani atabaki na rekodi ya sauti zetu. Mtu akishindwa kujibu hayo, hiyo si ziara.

Siku hiyo hiyo, watu wakisubiri mvua ipungue, niliwaonyesha wenzangu klipu ya kwaya ya wanaume kutoka Wales. Wazee wenye mvi, koti moja, tai moja, wanaimba ugenini mpaka kioo cha simu kinatetemeka. Mzee wetu mmoja wa bezi, ambaye amechuma chai tangu mimi sijazaliwa, aliangalia mpaka mwisho, kisha akauliza swali moja: "Na hawa, nani huwalipia?"

Mzee, hilo ndilo swali. Hebu nijibu vizuri, maana siku hiyo nilijibu kwa haraka.

Wales ni nchi ndogo kando ya Uingereza. Kule kuna bonde linaitwa Rhondda, na kama sisi tunavyoishi kwa chai, wao waliishi kwa makaa ya mawe. Mwanaume alitoka chini ya ardhi akiwa mweusi kwa vumbi, akaoga, akala, akaenda mazoezi ya kwaya. Mwaka 1893 wanaume wa bonde hilo walivuka bahari mpaka Chicago kushindana kwenye maonyesho makubwa ya dunia, na wakarudi na ushindi. Mwaka 1895 kwaya ya Treorchy, ya bonde hilo hilo, iliimba mbele ya Malkia Victoria huko Windsor. Mgodi wa mwisho wa Rhondda, ule wa Maerdy, ulifungwa mwaka 1990. Migodi imekwisha, kwaya ziko, na bado zinasafiri. Sisi tunaoona mashine zikichukua kazi ya wachumaji huku Kericho na Bomet, hapo tusikilize kwa makini.

Kwa kawaida hao wazee hujilipia sehemu kubwa wenyewe. Kuna ada ya uanachama, kuna kamati, kuna mweka hazina anayesumbua watu. Wanatafuta kwaya nyingine katika mji wanaotaka kwenda, wanaandikiana, wanagawana jukwaa usiku mmoja. Mara nyingi mchango wa mlangoni unaenda kwa hospitali au shughuli ya pale pale. Mwaka unaofuata, wenyeji nao wanakuja Wales kuimba. Hakuna ajenti anayekusanya elfu thelathini na tano nyuma ya kanisa. Ni kwaya na kwaya.

Wana hata mji mdogo, Llangollen, ambao tangu mwaka 1947 umekuwa ukialika waimbaji wa mataifa mengine karibu kila mwaka. Vita vya pili vilikuwa vimeisha juzi tu, watu walikuwa bado wanachukiana, na wenyeji wakafungua nyumba zao wageni walale. Mwaka 1955 ilikuja kwaya ya wanaume kutoka Modena, Italia. Ndani yake kulikuwa na mwoka mikate mmoja na kijana wake wa miaka 19. Walichukua nafasi ya kwanza. Huyo kijana alikuwa Luciano Pavarotti. Fikiria: mwoka mikate na mtoto wake, ndani ya kwaya ya mtaa. Wale watu hawakuwa na kitu ambacho sisi hatuna, isipokuwa mpango.

Lakini nisiwauzie ndoto, maana Mwafrika kwenda kuimba Ulaya kuna historia yake. Mwaka 1958 kwaya ya wavulana na walimu wao ilitoka Kamina, huko Katanga, Kongo, watu wanaoongea Kiswahili kama sisi. Iliitwa kwa jina la mfalme wa Ubelgiji, Les Troubadours du Roi Baudouin, na iliongozwa na padri Mbelgiji, Guido Haazen. Waliimba Ulaya, na misa yao, Missa Luba, ikatoka kwenye sahani za santuri na kusikika dunia nzima. Muungano National Choir yetu, chini ya Boniface Mganga, nao waliirekodi, ikatoka mwaka 1990. Ni muziki mzuri ajabu. Lakini uliza mtu yeyote ni nani aliutengeneza, utaambiwa Haazen. Wale waliotunga sauti zao wakiimba, kwa wengi wamebaki kuwa "wavulana wa Kongo."

Na mwaka huo huo, kwenye maonyesho ya dunia ya Brussels, Wabelgiji walijenga kijiji cha Kiafrika na kuweka Wakongomani ndani, wageni wapite wakiwatazama. Watu walidharauliwa na kutupiwa vitu mpaka wakachoka, wakaondoka kabla ya maonyesho kwisha. Mwaka mmoja, nchi moja: Wakongomani hawa wanasikilizwa, wale wanatazamwa. Mtu akikuahidi "tamasha la utamaduni" bila kutaja ukumbi, kwaya mwenyeji wala tarehe, muulize kwanza atakupeleka upande gani.

Kuna mfano wa karibu zaidi. Kutoka hapa Kaplong mpaka Kapkatet ni safari fupi ya matatu, hata playlisti haiishi. Mwaka 1950 alifika pale Hugh Tracey, mtu wa kurekodi nyimbo za Afrika, akarekodi wasichana wa Kipsigis wakiimba kuhusu Chemirocha. Chemirocha ni Jimmie Rodgers, mwimbaji wa Marekani ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huku. Jina lilipita kwa ulimi wetu likatoka la kwetu kabisa, na wimbo ukamfanya kiumbe nusu mtu, nusu swara. Rodgers alikufa mwaka 1933 bila kujua kwamba amewahi kufanya ziara Kapkatet.

Ule wimbo nao ukafanya ziara yake. Ukaenda Afrika Kusini kwenye hifadhi, ukatoka kwa sahani, ukapendwa na watu wa mbali ambao hawawezi kuonyesha Kericho kwa ramani. Wenyewe walibaki hapa wakichota maji. Ilipita zaidi ya miaka 60 ndipo rekodi ikarudishwa Kapkatet, na watu wakasikia sauti za ujana wa wazee wao. Wengi wa walioimba walikuwa wameshazikwa. Mimi huwaza hivi: sauti yetu ilikuwa ng'ambo muda wote huo, na sisi ndio tulikuwa hatujapewa habari. Ndiyo maana swali la rekodi nalirudia kama mtu mwenye kigugumizi.

Mko na haki ya kuniuliza, mbona Boys Choir of Kenya walienda? Ndiyo. Januari 2009 walienda Washington wakati Obama anaapishwa, na wakiwa njiani, uwanja wa ndege wa Heathrow, wakatia sahihi mkataba na Universal. Mwalimu wao, Joseph Muyale Inzai, alikuwa amewafundisha kwa miaka kabla ya hiyo ndege. Mkataba uliwakuta wakiwa tayari ni kwaya. Sisi tunataka ndege itufanye kwaya. Mazoezi ya mwezi jana bezi tulikuwa wanne.

Haya, tupige hesabu, maana hakuna mtu alipiga Alhamisi. Tuko watu 30. Pasipoti ya kawaida ni shilingi 7,500, hiyo ni 225,000. Viza ya Schengen kwa mtu mzima ni yuro 90, jumla yuro 2,700, karibu laki nne za Kenya, na hairudishwi ukinyimwa. Tumefika zaidi ya laki sita na hakuna mtu amepanda hata boda. Halafu barua ya mwaliko, taarifa ya benki, ushahidi kwamba utarudi. Mchumaji wa chai anapeleka taarifa gani ya benki? Kwaya ya wazungu ikitaka kuja kuimba hapa, inajaza fomu kwenye mtandao, dola 30 na kidogo kwa kila mtu, inafika na kupigiwa vigelegele. Hiyo si haki na nitaisema kila siku. Lakini ukweli kwamba mlango ni mwembamba haufanyi mtu anayekuuzia ufunguo wa bandia kuwa mkombozi.

Sasa pendekezo langu, na mnisikilize mpaka mwisho kabla hamjacheka.

Kwanza, twende Chepilat. Ndiyo, Chepilat hapo, mpaka wa Sotik na Borabu. Mnajua kilichotokea hapo mwanzo wa 2008. Mnajua kwamba kuna watu huku wanaovuka hapo kila siku ya soko lakini hawajawahi kukaa meza moja na jirani Mkisii. Tutafute kwaya ya upande wa pili, tugawane jukwaa Jumapili moja, wao waimbe zetu na sisi tujaribu zao. Wale watu wa Llangollen walianza kualika wageni miaka miwili tu baada ya vita.

Pili, twende Kapchorwa, Uganda. Kule miteremko ya Mlima Elgon wanaishi Wasebei, ndugu zetu wa lugha. Ukiwaimbia, maneno mengi watayasikia bila mkalimani. Na tangu 2014 Mkenya anaingia Uganda kwa kitambulisho cha taifa. Nje ya nchi, bila pasipoti, bila viza, bila ajenti! Tunakodi matatu mbili, tunabeba ngoma, tunalala kwa nyumba za waimbaji wenzetu, na mwaka unaofuata wao wanalala kwetu, tunawapa mursik.

Tatu, tufungue akaunti ya kwaya yenye watia sahihi watatu, mmoja wao awe mama wa soko, si kijana kama mimi. Shilingi mia mbili kwa mwezi kila mtu. Na kila tukirekodi, majina yote 30 yaandikwe, na faili ibaki kwetu.

Baada ya hapo, kwaya ya Ulaya itatualika yenyewe, kwa sababu itakuwa imetuona tukifanya safari na kurudi. Hiyo barua itakuwa na jina la kwaya, ukumbi na tarehe. Hapo nitakuwa wa kwanza kupiga picha ya pasipoti.

Kuna jambo hatulisemi kwa sauti. Wengine wetu hatutaki kuimba Ulaya, tunataka kufika na tusirudi. Ninamjua tena mmoja anayefikiria hivyo, ni rafiki yangu, ana diploma na anauza kredo. Sitamhukumu. Lakini ndugu yangu, ukipotea huko, wale wengine 29 wameacha alama za vidole, na kwaya yoyote ya huku itakayoomba viza baada yetu itaulizwa habari zako. Tafuta kazi kwa njia ya kazi. Usiwatumie kina mama wa alto kama daraja.

Alhamisi hii tunapiga kura. Nitakuja na kitambulisho changu na mia mbili ya mwezi wa kwanza, nitaziweka mezani mbele ya mwalimu. Kama kura ikiamua tulipe ile elfu thelathini na tano, nitaendelea kuimba bezi, lakini kwa mama sirudi kuomba.

Na kama wewe unayesoma uko kwenye kwaya upande wa Borabu au Kapchorwa, niandikie hapo chini. Niambie tu mnafanya mazoezi siku gani.