Barua kwa Shabunda: sombe, soda na presha

Brussels, Ubelgiji

Kwa baba, mama, kaka na dada wa Shabunda, mashariki mwa Kongo: wa Lulingu, Matili na Katchungu,

Mrega wa Shabunda akifika Brussels, haichukui muda kumwona Matonge, mtaa wa Wakongomani, akitafuta sombe, makayabo na mafuta ya mawese. Chakula cha nyumbani anakipata. Anachokiacha nyuma ni mwendo. Kijijini alikwenda shambani kwa miguu, akavuka mto, akarudi na mkungu wa ndizi kichwani. Huku basi linamshusha karibu na mlango na lifti inampandisha hadi chumbani. Bugali haupungui, na juu yake zimeongezeka nyama, soda na mkate mweupe. Baada ya miaka michache anatuma picha: mashavu yamejaa, tumbo limetangulia. Nyumbani wanashangilia kwamba Ulaya imemkubali. Wao hawavioni vidonge vya presha kando ya kitanda chake.

Wala si Ulaya peke yake. Katika miaka ya 1980 watafiti waliwafuatilia Wajaluo waliohama vijiji vya magharibi mwa Kenya kwenda Nairobi. Presha yao ilipanda mapema, ndani ya miezi ya kwanza, ikazidi ya wenzao waliobaki kijijini. Mkojo wao ulionyesha kwamba chumvi mwilini imeongezeka na potasiamu, ambayo ndizi na maharage vina nyingi, imepungua. Matokeo yalichapishwa mwaka 1990, na kijana anayetoka Shabunda kwenda kukaa Kadutu au Panzi, mjini Bukavu, anapita njia hiyohiyo.

Utafiti wa pili unawahusu watu wa pande zote mbili za bahari. Mwaka 2015 Stephen O'Keefe wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh na wenzake walieleza walivyobadilishana sahani: Wamarekani weusi 20 walilishwa maharage, mahindi na mboga za kijijini, na watu 20 wa vijijini Afrika Kusini wakapewa nyama na vibanzi vya Kimarekani. Ilikuwa wiki mbili tu. Ndani ya utumbo wa Wamarekani dalili za hatari ya saratani zilishuka. Kwa Waafrika Kusini zilipanda. Wiki mbili! Basi anayedhani amechelewa, hajachelewa, na anayedhani asili yake itamkinga, haitamkinga.

Kuhusu ugonjwa wa sukari, Marekani ilitoa jibu mwaka 2002. Watu 3,234 waliokuwa wakiukaribia waligawanywa katika makundi. Waliopunguza uzito kidogo na kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari yao kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformin, kwa asilimia 31. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano, na vilima vya Bukavu havitozi nauli kwa anayetembea.

Lakini mama anayerudi kutoka msituni na mzigo mgongoni asiambiwe akimbie. Yeye anahitaji kupumzika na kushiba, hasa pale ambapo watu wenye silaha wamewafukuza wakulima mashambani. Barua hii inamlenga mfanyabiashara wa dhahabu anayekaa dukani kutwa, mwalimu, mtumishi wa ofisi, motari. Hao waongeze lenga-lenga na maharage, wapunguze chumvi na vidonge vya mchuzi, na safari fupi waiendee kwa miguu. Na mgeni akija kutoka Ulaya, apewe ndizi na samaki wa mto Ulindi kabla ya kreti ya soda iliyosafirishwa kwa ndege kwa bei kali.

Kuna ombi moja. Presha haiumi, hivyo bila kipimo mtu haijui. Wana wa Shabunda walioko Ubelgiji wakituma tena katoni ya nguo nyumbani, ndani yake watie mashine ya betri ya kupimia presha, na wauguzi wa kituo cha afya waanze na wazee, wakiandika namba zao daftarini kila mwezi.